Kulijua Gugu Kabla ya Kuinua Jembe

Nchi ya Dodoma haipati mvua nyingi. Kwa kawaida hushuka milimita 550 hadi 600 kwa mwaka mzima, na karibu zote humiminika katika miezi iliyo baina ya Desemba na Aprili. Kwa sababu hiyo kila chenye uhai ndani ya udongo, kiwe kimepandwa na mwenye shamba au kimejipanda chenyewe bila ya idhini ya mtu, hungoja majira hayo mamoja na kuamka kwa pamoja, hata mkaazi wa Mkonze, pembezoni mwa mji, aliyezoea tangu Juni kutazama kiwanja chekundu kisicho na unyasi huona, wiki moja baada ya mvua ya kwanza ya maana, kijani kimesogea mpaka kizingitini. Mgeni hufurahi. Mwenyeji hutafuta jembe.

Siku hizi Mkonze ina wageni na wenyeji kwa wingi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwezi Aprili 2018, mashamba ya uwele na mtama ya pembezoni yamekuwa yakipimwa viwanja, na mtumishi aliyetoka Dar es Salaam, ambaye haja yake ni ua lenye ukoka laini na maua mlangoni, amejikuta jirani wa mzee ambaye haja yake ni gunia la karanga. Haja zao ni mbalimbali lakini adui wao ni mmoja, kwa kuwa gugu halitambui jiwe la mpaka: mbegu iliyoiva katika kiwanja cha mmoja huingia kwa mwenziwe kwa upepo, kwa maji ya mfereji, kwa kwato za mbuzi na kwa soli za viatu.

Watu hawa hawapungukiwi bidii. Hupalilia, hufyeka, huchoma moto, na mwaka unaofuata hurudia yale yale, wala taabu yao haipungui. Na sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba huyahukumu magugu yote kwa hukumu moja, ilhali kila gugu lina desturi yake ya kuishi na kwa hiyo lina wakati wake wa kufa. Lipo linaloishi kwa mbegu tu, ambalo ukilikata kabla halijazaa umelimaliza pamoja na kizazi chake; lipo linaloishi kwa viazi na mashina yaliyojificha ardhini, ambalo ukilikata umelizidishia watoto; na lipo moja, tutakalolifikia, ambalo hudhuru zaidi katika siku zile ambazo bado halijaonekana. Inafaa basi kuinama kwanza, kung'oa mche mmoja kwa vidole na kuutazama mzizi wake, ndipo jembe liinuliwe.

Nianze na mbigili, kwa kuwa hakuna mwendesha baiskeli wala mtoto katika Dodoma asiyeujua. Hutambaa bapa juu ya ardhi, matawi yakitoka katika kitovu kimoja na kuelekea pande zote. Majani yake ni madogo, yamepangwa mawili mawili juu ya kikonyo. Ua lake ni la manjano, lina petali tano, na hufunguka asubuhi. Tunda likikauka hupasuka vipande vitano, na kila kipande kina miba migumu iliyokaa kwa hila ya ajabu, kwani kikianguka vyovyote vile hapakosi mwiba mmoja unaotazama juu. Miba hiyo ndiyo chombo chake cha safari: huchoma tairi, ndala na ukwato, ikachukuliwa bure mpaka mahali papya. Mbegu zilizomo haziitiki zote mwaka mmoja. Nyingine hulala ardhini miaka kadhaa zikingoja zamu yao.

Pamoja na ukali wote huo mbigili una udhaifu mkubwa, nao ni kwamba umetegemea mzizi mkuu mmoja, na ukikatwa chini kidogo ya kile kitovu hauwezi kufufuka. Lakini haumngoji mvivu. Tangu kuota mpaka kutoa ua hupita kama wiki tatu tu, na muda mfupi baadaye miba imeanza kukomaa. Kwa hiyo mtu apitaye uwanjani kwake mara kwa mara wakati wa masika, akiwa na kijembe kidogo, na kukata kila mche kabla ua la manjano halijafunguka, hufanya kazi nyepesi kuliko yule angojaye Mei akafyeka mara moja kwa hasira. Ama miba iliyokwisha kauka, wengi huilima ndani ya udongo wakidhani wameizika, kumbe wameiwekea akiba. Ifagiliwe, kisha liburutwe gunia kuukuu au kipande cha zulia chakavu mahali pale ili iliyosalia inase humo, na yote ichomwe moto. Wala mtu asiukusanye mbigili kuwalisha kondoo, kwa sababu wafugaji wa Afrika ya Kusini wanajua tangu zamani ugonjwa uwapatao wanyama walioula kwa wingi: kichwa huvimba, ngozi hushindwa kustahimili jua, na utando wa macho hugeuka manjano. Marekani, ambako ni mmea wa kuja, walitaabika nao hata mwaka 1961 wakaleta California kutoka Italia wadudu wa aina mbili, mmoja wa kula mbegu na mmoja wa kula shina, na wadudu hao wakaupunguza bila ya kuumaliza. Sisi hatuna budi kutegemea kijembe.

Katika kundi hili la magugu ya mbegu yamo mengine ambayo hukumu yake ni hiyo hiyo, yaani kuuawa kabla ya kuzaa. Kishona nguo, chenye vijisindano vyeusi vinavyoshika suruali ya kila apitaye, huweza kutoa mbegu zaidi ya 3,000 kwa mche mmoja, nacho hupenda zaidi bustani inayomwagiliwa kuliko shamba la mvua. Mmea unaoitwa tako la Hasani, ulionona majani na shina jekundu jekundu, una uhai wa kushangaza: ukiung'oa na kuutupa palepale juu ya udongo wenye unyevu hushika mizizi upya, na mche wenye maua huendelea kukomaza mbegu hali umelazwa chali, kwa hiyo uondolewe kabisa, au uliwe, maana ni mboga nzuri yenye uchachu ambayo Waarabu wa nchi nyingi huiweka katika kachumbari.

Mnanaha wataka maneno zaidi. Ni mmea mrefu wenye majani mapana yanayonuka vibaya yakifikichwa, ua jeupe refu lenye umbo la tarumbeta, na tunda la mviringo lenye miba. Hupenda jalala, zizi lililohamwa na ardhi iliyojaa mbolea, kwa hiyo huonekana nyuma ya nyumba ambamo watoto huchezea. Kila sehemu yake ina sumu, na mbegu zaidi ya zote. Mtu aliyezila hukaukwa kinywa, mboni hutanuka, huweweseka, na huweza kufa. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu wapatao 300 waliugua na watano wakafariki baada ya kula unga wa lishe wa msaada, na uchunguzi ulionyesha kwamba unga ule ulikuwa umechanganyika na sumu ya jamii ya mnanaha, iliyoingia kwa njia ya mbegu zake kuvunwa pamoja na nafaka. Mwenye shamba la uwele au la soya asiuache mnanaha hata mmoja ukaiva ndani ya mavuno yake, na auondoaye anawe mikono kabla ya kugusa macho.

Sasa tushuke ardhini. Ndago hudhaniwa kuwa nyasi, lakini mtu akilizungusha shina lake baina ya vidole atahisi kingo tatu, ilhali shina la nyasi ya kweli ni la mviringo au bapa; na akichimbua kwa uangalifu atakuta viazi vidogo vyeusi, vyenye harufu ya kupendeza, vimeunganishwa kimoja na kingine kwa nyuzi nyembamba. Mwaka 1977 wataalamu waliokusanya habari za magugu ya ulimwengu waliipa ndago nafasi ya kwanza kwa uovu, na nguvu yake yote imo katika mnyororo ule. Kiazi cha mbele huvizuia vile vilivyo nyuma visichipue. Jembe linapoukata mnyororo, kila kiazi hujiona huru na kutoa chipukizi lake, hata mahali palipokuwa na mche mmoja pakawa na kumi. Watu husema ndago inapenda jembe, na hawakukosea.

Ila Dodoma ina dawa ambayo nchi za mvua nyingi zinaitamani, nayo ni kiangazi. Viazi vya ndago hufa vikikauka, na jua la Septemba katika nyanda hizi halina huruma. Basi ardhi iliyoingiwa na ndago ichimbuliwe wakati wa ukavu, kina cha dhiraa nusu au karibu yake, mabonge yapinduliwe, na viazi viachwe juani majuma kadhaa, kisha kazi hiyo irudiwe. Udhaifu wake wa pili ni kivuli: ndago hudhoofika sana chini ya mmea mwingine uliofunga majani, na kwa hiyo kunde au maboga yaliyopandwa kwa ukaribu baada ya kiangazi kile humalizia kazi iliyoanzwa na jua.

Ukoka una hali ya kuchekesha, kwa sababu mtumishi wetu aununua kwa fedha na kuumwagilia jioni, na jirani yake autukana kutwa nzima. Wote wawili wana haki. Hutembea juu ya ardhi kwa matawi na chini kwa mashina meupe yenye vifundo, na kila kifundo kilichokatwa ni mche kamili. Ndiyo maana ukitaka uwanja hupandwa kwa vipande, na ukitaka shamba haufai kulimwa kwa trekta, ambayo huusambaza kwa ukarimu kuliko mpandaji yeyote. Utolewe kwa uma wa bustani, mashina yavutwe mazima, yaanikwe juu ya mawe. Na mwenye uwanja aliyeukusudia ukoka ajue kwamba kinga yake kubwa ni ukoka wenyewe kuwa mnene: ukikatwa chini mno udongo huonekana, mbigili na kishona nguo hupata jua, na vita huanza upya. Auache urefu wa vidole vitatu hivi, aumwagilie maji mengi kwa nadra badala ya machache kila siku, na mapengo ayazibe kwa vipande vipya mwanzoni mwa mvua.

Magugu yote hayo ni ghasia tu ukiyalinganisha na kiduha. Katika mashamba ya mtama, uwele na mahindi ya nyanda za kati mmea huu mdogo, usiofika magoti, wenye majani membamba na ua jekundu la kupendeza, umewahi kuwanyima watu chakula cha mwaka mzima. Huko Ziwa Nyanza yupo ndugu yake mwenye ua la zambarau hafifu, mrefu na mkali zaidi, ambaye Wajaluo humwita kayongo. Mbegu ya kiduha ni vumbi. Mche mmoja hutoa makumi ya maelfu, na mbegu hizo huweza kukaa ardhini miaka kumi na zaidi bila ya kuota na bila ya kufa, kwa kuwa haziamshwi na mvua peke yake. Huamshwa na mzizi wa nafaka ulio karibu nazo mno, milimita chache, unaotoa dutu maalumu ndani ya udongo. Hapo mbegu huchipua, huugusa mzizi, hujipachika, na kunyonya maji na chakula mfano wa kupe aliyejificha chini ya mkia wa ng'ombe; na kwa majuma kadhaa mwenye shamba haoni kitu ila mtama uliodumaa, wenye majani yaliyosinyaa na kufifia kana kwamba una kiu, ilhali udongo umelowa. Kiduha kinapotokeza juu, sehemu kubwa ya hasara imekwisha tendeka.

Kwa nini mmea utoe dutu ya kumwita adui? Swali hili lilikaa muda mrefu bila ya jibu. Mwaka 1966 wanasayansi wa Marekani walifaulu kuitenga dutu ya namna hiyo, wakaipata katika mizizi ya pamba, mmea ambao kiduha hakiwezi kuunyonya. Na mwaka 2005 watafiti wa Japani wakaonyesha kwamba dutu hiyo ni mwito ambao mmea huutoa kwa kuvu wema wa udongoni, wanaousaidia kupata fosforasi. Mmea wenye njaa huita kwa sauti kubwa, na kiduha husikia. Kwa habari hiyo mtu ataelewa lile waliloliona wakulima wote, kwamba kiduha hushamiri katika ardhi iliyochoka, na kwamba samadi hukipunguza. Na inasikitisha kuona mazizi ya Dodoma, ambako ng'ombe hawajakosekana kamwe, yakiwa na samadi ya miaka mingi iliyoshindiliwa hali shamba la hatua mia kutoka hapo linakufa kwa kiduha.

Hila ya pili ni kuziamsha mbegu bila ya kuzipa mzizi wa kunyonya, zikafa zenyewe. Marekani, ambako kiduha kiligunduliwa katika majimbo ya Carolina mwaka 1956, waliingiza gesi ya ethilini ndani ya udongo ili mbegu ziote kwa kudanganyika, na kwa gharama kubwa wakakifukuza karibu chote. Mkulima wa Mkonze hana gesi, lakini karanga, alizeti, ufuta, pamba na aina nyingi za kunde hufanya hadaa hiyo hiyo, nazo zimo katika desturi ya kilimo cha hapa. Kinachotakiwa ni kuzipokeza zamu na mtama kwa misimu miwili au zaidi, wala si kuzisukumia pembeni mwa shamba kila mwaka. Tena ipo mbegu yenyewe ya mtama. Mwaka 2002 Tanzania ilitoa kwa wakulima aina mbili zinazovumilia kiduha, Hakika na Wahi, zilizotokana na kazi ya Gebisa Ejeta, Mhabeshi aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Purdue na kupewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009. Siri ya mitama ya namna hiyo ni kwamba mizizi yake huita kwa sauti ndogo. Pamoja na hayo yote, kiduha kilichotokeza kisiachwe kikatoa mbegu. Kung'oa hakutaokoa mtama wa mwaka huu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, lakini huokoa mtama wa miaka kumi ijayo.

Nimesema magugu kana kwamba yote ni ya kuangamizwa, na mwanamke wa Kigogo angenicheka. Anapopalilia uwele jembe lake hukwepa mlenda na mgagani kwa ustadi ambao macho ya mgeni hayaufuati. Majani yale huchumwa, huanikwa, hutwangwa, na katika miezi ya ukavu, wakati ambapo hapana jani bichi lolote, ndiyo kitoweo cha ugali. Mtumishi anayeajiri kijana kusafisha kiwanja chote mpaka udongo mtupu hulipa fedha ili aondolewe mboga, kisha huenda sokoni kununua mboga.

Udongo mtupu wenyewe nao ni hasara. Mvua za Dodoma huja kwa ghadhabu, na ardhi isiyo na kifuniko huchukuliwa. Kondoa ilikwisha korongeka kiasi cha kuifanya Serikali ianzishe mwaka 1973 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO, na mwaka 1979 kuwahamisha mifugo wote katika vilima vya Irangi ili majani yapate kurudi. Magugu ya mbegu yaliyokatwa kabla ya kuchanua, isipokuwa tako la Hasani, yaachwe juu ya udongo baina ya mistari: huzuia jua lisifikie mbegu zinazofuata, huhifadhi unyevu, na kumpunguzia mtu palizi ya pili. Palizi ya kwanza haina kifuniko cha kuifidia. Ifanywe ndani ya wiki mbili au tatu tangu mazao kuota, maana hizo ndizo siku ambazo mmea mchanga hushindwa kwa urahisi.

Ama dawa za dukani, sizikatazi, ila nataka mnunuzi ajue anunuacho. Dawa iitwayo 2,4-D, iliyobuniwa katika miaka ya vita vikuu vya pili, huua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi, kwa hiyo humfaa mwenye ukoka; lakini Dodoma ni nchi ya zabibu, na hakuna mmea unaoumizwa na dawa hii upesi kama mzabibu, kiasi kwamba mvuke mdogo uliopeperushwa na upepo kutoka kwa jirani hulemaza majani, yakawa membamba na kukunjamana mfano wa kipepeo cha kukunja, na huharibu mavuno. Asiipulize mtu aliye karibu na mizabibu, wala asitumie bomba lililoibeba kunyunyizia nyanya, hata akiliosha mara ngapi. Glaifoseti, iliyoingia sokoni mwaka 1974, haichagui: huua karibu kila chenye kijani na hushuka mpaka mizizini. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka katika fungu la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani, na idara nyingine za serikali mbalimbali zikapinga. Maadamu wakubwa hawajakubaliana, mdogo avae glovu na viatu. Ununuzi uwe wa chupa yenye lakiri, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, si dawa iliyomiminwa katika chupa ya maji ya kunywa.

Nimebakiza gugu moja ambalo mtu wa Mkonze angefaa kulijua kabla ya kulikuta mlangoni. Gugu karoti, mzaliwa wa Amerika, lilitambuliwa Arusha karibu na mwaka 2010, na barabara ya lami kutoka huko kupitia Babati na Kondoa hupitisha kila siku malori ya nafaka, nyasi za mifugo na ng'ombe. Lina majani yaliyochanika chanika, shina lenye mifereji, na vijiua vyeupe vingi vidogo. Mche mmoja huweza kutoa mbegu 15,000 na zaidi. Chavua na majani yake huwasha ngozi na kuchochea pumu, na maziwa ya ng'ombe aliyelila huwa machungu. Mtu akiuona mmea anaoudhania kuwa ndio huo asiung'oe kwa mikono mitupu, wala asiuchukue mpaka ofisini, kwa kuwa mbegu zitaanguka njia nzima. Apige picha ya ua na jani, auzungushie alama ili watoto na mbuzi wasiukaribie, na amwite afisa ugani wa kata aje autazame pale pale ulipo.